Chumvi ya Majivu na Wamama Waliofunga Macho

Siku ile tulikuwa sita. Niwataje kwanza, maana siku hizi kila mtu hapa Mikelenge, mtaa wetu wa Kindu, anasema alikuwepo, hata wale waliozaliwa baada ya vita.

Alikuwepo mwenye nyumba, mjane, dada wa mchungaji wetu. Chumba cha maombi kilikuwa sebule yake, na viti vilikuwa vyake, na asingekuacha usahau. Alikuwepo muonaji, jirani yangu wa ukuta mmoja, mke wa fundi wa baiskeli. Mimi na yeye tulichota maji kisima kimoja. Alikuwepo mama wa Butembo, mke wa mwenye duka, aliyemfuata bwana wake Kindu na vita vikamkuta hapa. Alikuwepo wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu. Nilikuwepo mimi. Na wa sita ni mamamkwe wangu, mama mzazi wa mume wangu na wa huyo wifi. Yeye hakuwa chumbani. Alikuwa nyumbani kwetu, uani, ameinamia sufuria yake. Ninamhesabu kwa sababu mambo yote yalimhusu yeye.

Majina yao yote ninayo, na majina ya baba zao, na ya watoto waliozika. Sitayaandika. Wajukuu wao ni majirani zangu, wananisalimia, wananibebea bidoni ya maji. Kuna jina moja tu ningetamani kuliandika, nalo nitaliacha, kwa sababu limekwisha kuandikwa mahali panapofaa. Mutaona.

Shule yangu iliishia darasa la tatu kwa masista. Tena macho yangu sasa yana utando, daktari anauita mtoto wa jicho. Kama herufi zangu zinapanda kilima, musome hivyo hivyo.

Wakati ule treni ya kutoka kusini ilikuwa imesimama. Mume wangu alikuwa mtu wa reli, vita vikamfungia huko mbele, Kabalo, asiweze kurudi. Wenye bunduki wa mjini walikuwa mjini, wenye bunduki wa porini walikuwa porini, na sisi katikati kama sombe, majani ya muhogo, ndani ya kinu. Sabuni ilikwisha, tukazoea. Nguo zilikwisha, tukazoea. Lakini chumvi! Chakula kisicho na chumvi, siku ya kwanza unakila kwa hasira. Siku ya kumi unakila kwa huzuni. Siku ya thelathini mtoto anageuza uso, na hakuna wimbo utakaomrudisha kwenye sahani.

Mamamkwe wangu alikuwa mtu wa kijiji cha Tunda, upande wa kusini, na alikuwa amefundishwa na mama yake jambo ambalo sisi wa mjini tulikuwa tumelisahau. Alfajiri aliteremka mtoni, akavuta yale majani yanayoelea pembeni mwa Lualaba, akayaleta kwa kitunga, akayaanika. Yakikauka anayachoma. Majivu anayatia ndani ya chungu kilichotobolewa chini, anamimina maji, yanadondoka polepole kwenye sufuria, yana rangi ya chai. Anarudia mara ya pili, mara ya tatu. Kisha anayachemsha, anakoroga, anakoroga, mpaka maji yote yaende na chini ibaki chumvi ya kijivu, chungu kidogo, kiganja kimoja. Kwa kazi ya siku mbili! Kiganja hicho njo kilichokuwa kinawarudisha watoto wangu kwenye sahani.

Alipokuwa anakoroga alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, kwa sauti ya chini, maana meno ya mbele hakuwa nayo. Kumbukeni hilo.

Na sala yake ilikuwa fupi hata ikawaudhi watu. "Baba, ya leo. Ya kesho tutaongea kesho." Halafu aliomba macho wazi. Siku moja mwenye nyumba alimuuliza mbele yetu wote:

"Mama, wewe ni mukristo gani wa kuomba macho wazi?"

"Mimi nikifunga macho, sufuria inaungua."

"Hapa sufuria iko wapi?"

"Nyumbani. Lakini macho yamezoea, mwanangu."

Tulicheka. Mwenye nyumba hakucheka. Tangu siku ile mamamkwe aliacha kuja chumbani, akasema viti vile vinamuumiza kiuno, na sisi tukasema, aa, anaogopa nguvu ya maombi.

Sasa niwaambie juu ya hizo nguvu. Sisi tulikuwa tunafunga macho ili tuone. Ndiyo hivyo, andikeni. Watu wazima, wazazi, wenye watoto wa kulisha, tunakaa katika sebule ya mtu kuanzia asubuhi, macho tumeyafinya kama tumemwagiwa pilipili, tunangoja kuonyeshwa. Bwana alipita akiwafungua vipofu macho. Mimi sikusoma mahali alipomfunga mtu macho ili aone. Najua kuna mjuaji atanitajia yule aliyepigwa upofu njiani kwenda Dameski. Mjuaji wangu, yule alifungwa macho ili aache kutesa watu. Sisi tulifunga ili tuanze.

Mwaka ule surua ilipita katika mtaa wetu. Dawa hazikuwepo. Mtoto wangu wa mwisho, msichana aliyekuwa ameanza kutembea, alikufa mgongoni kwa mamamkwe. Mimi nilikuwa shambani, yeye njo alikuwa amembeba. Alikuja kunipokea njiani, mtoto bado yuko mgongoni. Alinigeuzia mgongo tu, nione mwenyewe.

Tangu siku hiyo sikuweza kumtazama yule mzee bila kuuona ule mgongo. Hakunikosea lolote. Alinipikia, alinifulia, alinikalia kimya. Lakini uchungu hautaki mtu mwema karibu, unataka mtu wa kulaumu.

Majuma machache baadaye nilimkuta muonaji kisimani. Nilikuwa nimeamka vibaya, moshi wa yale majani umenijaa puani. Nikaanza kulia-lia kama wanawake wanavyolia kisimani, kwa kusema.

"Yule mzee atanimaliza. Kila siku majivu, majivu, mpaka ndani ya maji ya kunywa. Anainama pale na sufuria yake, anaongea nayo peke yake. Sijue anafanya nini."

"Anaongea na sufuria?"

"Anaongea."

"Pole, dada," akasema, akajitwisha ndoo yake, akaenda.

Nilijua vizuri sana anafanya nini. Chumvi yake ilikuwa katika tumbo langu wakati ninasema vile.

Siku yenyewe ilikuwa ya tatu ya kufunga. Tulikuwa tunafungua saa kumi za mchana, kila siku mmoja wetu analeta chakula, na zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeleta sombe. Sufuria ilikuwa pembeni ya mlango imefunikwa jani la mgomba, na sote, kusema ukweli, pua zetu zilikuwa kwenye lile jani kuliko mbinguni.

Kama saa tisa muonaji akaanza kutetemeka.

"Ninaona muntu."

"Sema, mama," mwenye nyumba akasema.

"Ni mwanamuke. Muzee. Ameinama. Mbele yake iko sufuria, na ndani ya sufuria iko majivu. Anaongea na ile sufuria. Kila neno anasema, mutoto mumoja wa mutaa huu anakohoa."

Tukafinya macho zaidi. Kisha mama wa Butembo akauliza, kama mtu anayeuliza njia:

"Majivu ya nini?"

"Mama, usikate maono!"

"Sikate. Ninauliza. Kwetu majivu tunaoshea sahani."

"Hapa si dukani, mama. Hapa hatupatane bei na Roho."

Mama wa Butembo akanyamaza. Alikuwa mgeni, na mgeni wa wakati wa vita anajifunza kunyamaza upesi. Lakini swali lake lilikuwa swali la pekee lenye akili lililoulizwa katika chumba kile miaka yote, na jibu lake lilikuwa pale pale mlangoni, chini ya jani la mgomba.

Chumba kilikuwa na desturi: maono hayasimami mpaka yathibitishwe. Mwenye nyumba anamuuliza kila mmoja kwa zamu, macho yakiwa bado yamefungwa: "Roho amekuonyesha nini?" Ukiona kitu, unakisema. Usipoona, unasema Amina, na hiyo Amina inahesabiwa kwamba umeona. Sheria hiyo nimeitafuta katika Biblia na kidole changu, mstari kwa mstari. Haimo.

Mama wa Butembo akasema Amina.

Wifi akakawia. Alikuwa anajua chumvi kama mimi, alikula meza moja na mimi. Lakini alijua pia kwamba binti wa mchawi akikawia, kesho maono yatakuwa na wanawake wawili. Akasema Amina kama mtu anayemeza dawa ya minyoo.

Ikabaki mimi. Nikafungua jicho moja.

Na nani mwingine alikuwa amefungua jicho moja? Muonaji. Alikuwa ananitazama mimi. Tukaonana pale, jicho kwa jicho, kama kuku wawili kwenye punje moja. Alijua kwamba mimi ninajua alikoyatoa maono yake: kisimani, kwenye mdomo wangu. Hayo njo maono ya kweli pekee niliyopata katika chumba kile. Nikayapata, nikayaona waziwazi, nikafumba.

"Amina," nikasema.

Saa kumi ikafika. Tukafungua sombe. Mwenye nyumba akaonja, akafunga macho tena, safari hii kwa utamu.

"Eee! Leo iko chumvi! Chumvi kweli! Umeitoa wapi, mwanangu, wakati huu wa taabu?"

Neno moja lingetosha. Ningesema: ni ya mamamkwe, ni yale majivu. Maono yote yangeanguka kabla tonge halijafika kooni. Sijapata kupewa tena mlango mwepesi namna hiyo, na sidhani kama wanapewa watu wengi.

"Nilipata tu, mama," nikasema.

Wakala. Muonaji alilamba vidole. Wanawake watano tumemhukumu mwanamke mmoja kwa sababu ya majivu, na majivu yenyewe tunayalamba mpaka kwenye kucha, tunamshukuru Mungu kwa chakula. Kisha mwenye nyumba akanipa neno la kwenda nalo: mzee asilale tena pale palipo na watoto.

Mume wangu hayupo, nyumba ilikuwa mikononi mwangu. Nilimkuta bado anakoroga.

"Mama, wamama wanasema ni vizuri upumzike kidogo kwenu, Tunda."

"Wamama gani?"

"Wa chumbani. Roho amewaonyesha."

"Roho anajua pahali ninalala. Kama iko na neno angekuja mwenyewe, siko mbali." Akaendelea kukoroga. Halafu akaniuliza, bila kuinua kichwa: "Na wewe, uliona nini?"

Nikatazama sufuria. Alingoja. Alikuwa mtu wa kungoja, mnajua, kazi yake ilikuwa matone. Alipoona hakuna kitu kitadondoka kwangu, akasema:

"Basi. Yale maji ya tatu usimwage. Bado iko chumvi ndani."

Asubuhi akafuata njia ya reli kwenda kusini, anahesabu mataruma kwa miguu yake, kitunga kichwani. Njia ile wanaume wenye nguvu walikuwa wanaiogopa. Wifi alijifungia ndani akisema kichwa kinamuuma. Mimi nilisimama mlangoni na nilimtazama mpaka mwisho, macho wazi kabisa, na haikumsaidia kitu.

Musiniulize kama kikohozi kiliondoka naye. Kilibaki. Watoto waliendelea kukohoa, na muonaji akaona kitu kingine, safari hii jogoo mwekundu, na jogoo wa watu akachinjwa. Mimi nilijaribu kutengeneza chumvi mwenyewe. Nilichoma majani yasiyokauka, nikapata maji machungu ya kumtapisha mtu. Yale maji ya tatu nilikuwa nimeyamwaga siku aliyoondoka, kwa haraka ya kufuta majivu machoni pangu. Watoto wakala bila chumvi mpaka ndege za wafanyabiashara zilipoanza kuileta tena.

Treni iliporudi, mume wangu alirudi. Nikamwambia mama yake alitaka kwenda kwao. Alinitazama, akanywa maji, akalala, na kesho yake akaenda Tunda. Alimkuta. Alikuwa amefika hai, bila mtu wa kumsindikiza, na nimechoka kusikia wanaofika Kinshasa kwa ndege wakishuhudia safari njema. Mume wangu akamwambia, Mama, turudi nyumbani.

"Hapana, mwanangu," akamjibu. "Nikirudi watafunga macho tena."

Alimpa kifurushi kidogo cha jani. "Mupe bibi yako, mama wa watoto. Mwambie ni ya sombe."

Mume wangu aliniwekea kile kifurushi mezani na hakuniuliza kitu, siku ile wala mpaka kufa kwake. Mamamkwe alikaa Tunda mvua mbili zaidi, akafia huko. Sikwenda kumwomba msamaha. Nilisema njia ni mbaya. Ilikuwa mbaya kweli, ila wauza mitumba walikuwa wanaipita kila juma.

Sasa tuje kwa siku hizi. Mwenye nyumba amekufa. Wifi amekufa. Mama wa Butembo alirudi kwao zamani. Tumebaki wawili, mimi na muonaji, na muonaji ameendelea mbele! Ana jumba la bati, viti vya plastiki, mikro, na spika mbili zinazotetemesha sahani zangu kabatini. Vijana wanaenda kwake kuonyeshwa viza na wachumba. Anaona nyoka chini ya kitanda cha mtu aliye ng'ambo ya mto, Alunguli, lakini mwanamke anayefagia lile jumba lake alishinda siku nzima bila kula, na hilo hakuonyeshwa.

Na kila mwaka anatoa ushuhuda wa vita, jinsi Roho alivyomfichua mchawi wa majivu. Anamtaja jina. Katika ushuhuda ule mamamkwe wangu amekua sana: kwanza alikuwa ameinama tu, kisha akapata kucha, na mwaka jana alikuwa anapanda sufuria kama mtumbwi na kuteremka nayo mpaka Lokandu kula watoto wa wavuvi. Na watu, "Amina!"

Ningenyamaza hata hivyo, nisiwadanganye. Nilikuwa nimenyamaza miaka mingi na nilikuwa fundi wa kazi hiyo. Lakini mke wa mjukuu wangu akazaa msichana. Kwetu msichana wa kwanza anachukua jina la mama wa babu wa baba yake, na huyo ni mamamkwe wangu. Jina lilikuwa linamngoja tangu tumboni. Nikamwambia yule mama mzazi, anayeniita Koko kama wajukuu wangu wote, akatikisa kichwa.

"Koko, hapana. Lile jina wanalitaja kwenye mikro."

"Ni jina la watu wetu."

"Ni jina la muchawi, Koko. Mutoto ataenda masomo, wenzake watamukimbia. Unataka hivyo?"

Kila jibu lingenigusa mimi kwanza. Yule mzee nilimtoa nyumbani mara moja; nikinyamaza sasa, ninamtoa tena, na safari hii hakuna Tunda ya kumpokea.

Jumapili nikaenda kwenye jumba la bati. Muonaji aliponiona akafurahi sana. "Shahidi wa mwisho! Mupeni Mama mikro!" Wakanipa. Nilikuwa sijapata kushika kile kitu, ni kizito kama mchi mdogo.

Nikasema: "Ilikuwa chumvi. Alikuwa anatengeneza chumvi ya watoto. Kuongea alikuwa haongei, alikuwa anaimba wimbo wa kanisa hili hili. Hakuna Roho alimwonyesha huyu mama kitu, ni mimi nilimwambia kisimani. Na chumvi yenyewe aliikula ndani ya sombe yangu, akalamba vidole."

Kuna mtu alicheka nyuma. Muonaji akachukua mikro kwa upole, upole wa mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Wapendwa, Mama yetu amezeeka. Muangalie macho yake, iko ukungu. Tumuombee aone."

Wakanizunguka, mikono kichwani kwangu, mizito, na jumba zima likafunga macho. Mia ya watu, na hakuna hata mmoja anayetazama. Mimi nikabaki macho wazi, na utando wangu na yote. Kule mwisho, karibu na mlango, nikaona kitu kimoja chenye kitenge cha manjano ambacho hakikuinamisha kichwa. Kitenge kile ninakijua, nilikitoa zawadi mimi mwenyewe. Alikuwa mke wa mjukuu wangu, mtoto kifuani, ananitazama.

Tukarudi nyumbani. Alhamisi akaenda ofisi ya kuandikisha watoto, akarudi na karatasi, akaniwekea mkononi. Nikaisogeza kwenye mwanga, nikaisogeza puani, herufi zote ni mchwa tu.

"Sioni," nikamwambia. "Muite kwa mdomo."

Akamwita mtoto. Nilikuwa sijalisikia jina lile bila spika miaka mingi. Mtoto alikuwa analala, hakuitika.

Basi. Niliyoyaandika njo hayo. Mimi ni mzee, na mzee anachanganya: labda ilikuwa siku ya pili ya kufunga, si ya tatu, labda jani lililofunika sufuria halikuwa la mgomba. Labda mama wa Butembo aliuliza mara mbili, nami nimempunguzia haki yake. Kama mulikuwepo, au mama zenu waliwaambia, mupite kwangu munisahihishe, mlango uko wazi mchana wote. Lakini asije mtu kuniambia alichoonyeshwa. Aje aliyeona, aje aliyekula ile sombe.